Jinsi ya kuskiliza spika ndefu kabla hujatoa hela

Ukiingia duka la spika, iwe Kariakoo au kwa yule jamaa anayeuza mizigo ya mtumba iliyotoka Ulaya, muuzaji huwaga anafanya vitu viwili kabla hata hujakaa: anachagua wimbo yeye na anapandisha sauti yeye. Usikubali hata kimoja. Simlaumu, ni kazi yake, ila ukishamwachia hivyo viwili unachopima sio spika tena, unapima wimbo wake na mkono wake kwenye amplifaya.

Nazungumzia spika za kusimama, zile ndefu zinazokaa sakafuni zenyewe bila stendi, twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, iko juu na wufa, zile kubwa za besi, mbili au tatu ziko chini, za kuskilizia muziki sebuleni kwa mtu anayependa muziki kweli. Sio sabufa. Sabufa ina raha yake kwenye shughuli, sikatai, ila wengi wetu masikio yamelelewa na sabufa tangu utotoni, kwahiyo siku tukikutana na spika nzuri mara ya kwanza tunaiona imepoa, tunauliza mbona haigongi. Nimeshaona watu wanaacha kitu kizuri dukani wanabeba kelele, na hela ya jozi moja sio ndogo, ndo maana nataka niliseme hili kwa urefu.

Jozi yangu ya kwanza niliinunua laki saba na nilikaa dukani robo saa tu. Zilikuwa zinang'aa, kila toazi likigongwa linasikika kama limegongwa mbele ya pua yako, nikasema hii ndo klia sasa. Wiki ya kwanza nyumbani raha tupu. Wiki ya pili nikaanza kuona kila nikiweka muziki mke wangu anapita anapunguza sauti, hasemi kitu, anapunguza tu anaendelea na mambo yake, alafu nikajikuta na mimi napunguza, wimbo wa tatu au wa nne mkono unaenda kwenye amplifaya wenyewe. Nilikaa hivyo miezi mitano sijui tatizo nini mpaka nikazipeleka kwa fundi mmoja mzee, yeye hakuweka muziki kabisa, aliweka taarifa ya habari, mtangazaji wa kike anasoma, akaniambia skiliza herufi s. Kila s ilikuwa inachoma. Serikali, siasa, asilimia, zote zina ncha kama mtu anapuliza filimbi nyuma ya meno. Miezi mitano nzima nilikuwa naskiliza matoazi, sijawahi kuzipa spika zile neno hata moja la mtu anayeongea.

Kwahiyo anza hapo, anza na sauti ya mtu. Hujawahi kukaa mita mbili kutoka kwa mpiga kinanda mkubwa labda, lakini sauti ya binadamu umeiskia tangu hujazaliwa, sikio lako linaijua kuliko linavyojua kitu kingine chochote na haliwezi kudanganywa kirahisi. Sio mimi nimebuni hili, wahandisi wa BBC kule Uingereza walipokuwa wanatengeneza spika za studio zao miaka ya 1960 na 1970 walitegemea sana sauti ya mtu anayeongea, wanamskiliza mtu mwenyewe kisha wanaskiliza rekodi yake kwenye spika, wanalinganisha. Wewe huna studio lakini una simu, ingiza taarifa ya habari dakika tano ya mwanaume na dakika tano ya mwanamke, bila muziki nyuma.

Ukiskiliza mwanaume anayeongea uliza: huyu yuko chumbani au yuko ndani ya pipa? Spika nyingi zinajaza pale chini ya sauti, kifua kinakuwa kikubwa kuliko mtu, unaskia uuu uuu inafuata kila neno, na dukani hiyo inapendeza kwasababu inafanana na besi, ila kwenye maongezi inajianika. Kama sauti inatokea puani, kama mtu kaziba pua kwa vidole viwili, shida iko kwenye sauti za kati. Kwa mwanamke skiliza s, sh na ch, zisikike kama meno na ulimi wa mtu, sio kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Na skiliza pumzi. Spika nzuri inakupa ile pumzi ndogo anayovuta mtangazaji kabla ya sentensi, na inakupa bila kuipigia kelele.

Ikifaulu hapo ndo uweke muziki, na muziki uwe wako. Beba flashi yenye nyimbo sita au saba unazozijua mpaka pale mpiga ngoma anapokosea, faili lenye ubora, sio lile lililotumwa kwenye WhatsApp likatumwa tena mara tano. Usihangaike na zile nyimbo za maonyesho ya spika, mdada anaimba taratibu na gita moja, hizo kila spika inaziweza. Weka kitu chenye watu wengi. Mimi huwa naweka kwaya, watu ishirini thelathini wanaimba pamoja, kwasababu spika dhaifu wakiimba kwa nguvu inawayeyusha wote wanakuwa ukuta mmoja wa sauti, ila spika nzuri wanabaki watu, besi ya wanaume iko pale, wale wa sauti ya juu wako pale, na unaweza kumchagua mmoja ukamfuata. Alafu naweka dansi la zamani, ule muziki wenye gita la solo, gita la rithimu na gita la besi. Solo kila mtu analiskia hata kwenye simu. We fuata rithimu. Lifuate tangu mwanzo, alafu subiri tarumbeta ziingie, sebene lichanganye, uone kama bado unaliskia likikata kule nyuma au limemezwa. Likimezwa na hujapandisha sauti sana, spika hiyo ina ukungu, na ukungu huo utakuwa nao kila siku.

Taarab ni kipimo kikali kingine, ile ya okestra. Qanun, kile kinanda cha kukwanyua kinacholazwa, ina nyuzi nyingi na kila uzi unapokwanyuliwa kuna ncha ya kuanza na mkia wa kuisha, na violini zikiingia kundi zima zinaweza kuwa tamu au zinaweza kuwa misumari. Akodiani mlio wake mwingi unaingia kwenye masafa ambayo sikio letu linayaskia vizuri zaidi, yale ya 2,000 Hz mpaka 5,000 Hz (Hz ni mitetemo ya sauti kwa sekunde), kwahiyo spika inayopandisha masafa hayo itakuonyesha akodiani inakufokea. Ila angalizo moja, rekodi za zamani zina mipaka yake, zingine zina mvumo na hazina kitu huko juu kabisa, usilaumu spika kwa kosa la tepu. Ndo maana nasema wimbo uwe unaujua, uwe umeuskia sehemu nyingi, hapo unajua kipi ni cha rekodi na kipi ni cha spika.

Sasa suala la sauti kubwa, hapa ndipo watu wengi wanaibiwa bila aliyewaibia kukusudia. Spika mbili zikiwekwa pamoja, ile iliyo juu kidogo tu itaonekana bora, hata ikiwa juu kwa desibeli moja, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ambayo mwenyewe huwezi kusema kuwa iko juu, utasema tu ina uhai, ina mwili. Watafiti wawili, Fletcher na Munson, walishaonyesha mwaka 1933 kule Marekani kwamba sikio la mtu haliskii besi vizuri sauti ikiwa chini, ukipandisha ndo besi na zile za juu zinajitokeza, kwahiyo ukipandisha chochote kinanenepa. Na spika hazilingani kula umeme, kuna yenye 86 kwenye karatasi yake na kuna yenye 90, maana yake ni desibeli kwa mita moja ukiipa watt moja, sasa hizo nne zinaonekana kidogo lakini ile ya 86 inataka watt mara mbili na nusu ili ifikie mwenzie. Ukibadilisha waya toka spika moja kwenda nyingine bila kugusa amplifaya, ya 90 itashinda kila siku, na ushindi huo hauna maana.

Dawa yake ni rahisi. Pakua programu ya kupima kelele kwenye simu, hata ya bure, haijalishi kama namba zake sio sahihi mia kwa mia kwasababu unalinganisha tu. Tafuta na pinki noizi, ule mlio wa shhhh kama mvua kwenye bati, uweke kwenye flashi. Icheze kwenye spika ya kwanza, simu iwe pale kichwa chako kitakapokuwa, soma namba, tuseme 72. Hamia spika ya pili, zungusha kitufe mpaka nayo isome 72. Kariri kitufe kiko wapi kwa kila spika, au bandika kipande cha selotepu. Baada ya hapo ndo ulinganishe. Na kabla ya yote angalia amplifaya ya muuzaji, zima kitufe cha Loudness, rudisha besi na trebo katikati, zima ikweleza, maana maduka mengi zimewashwa kabisa na hakuna anayekumbuka nani aliziwasha. Huo huo mlio wa mvua una faida nyingine, ukiuskiliza kwa makini unatakiwa uwe mvua tu, sawasawa, ukiskia ndani yake kama kuna mtu anasema ooo au eee au mlio wa bomba, hiyo ndo rangi ya spika hiyo na itapaka kila wimbo.

Kitu kinachowashangaza watu nikiwaambia: skiliza spika moja. Sio mbili, moja, nyingine ichomoe. Mtafiti wa sauti Floyd Toole alifanya utafiti wa miaka mingi huko Kanada, kwenye taasisi ya taifa ya utafiti Ottawa, akiwakalisha watu nyuma ya pazia wasione kinacholia, na alichogundua ni kwamba watu wanaziona kasoro za spika kirahisi zaidi ikilia moja peke yake kuliko zikilia mbili. Ukizifikiria mbili unaelewa kwanini, stirio inakupa upana, kinanda kule na ngoma huku, na ule upana unaficha makosa, akili inapata kitu kingine cha kufurahia. Ikiwa moja haina pa kujificha. Kingine alichokionyesha ni kwamba watu wakiwa hawaoni wanakubaliana sana kuhusu ipi nzuri, hili la kusema kila mtu na sikio lake lina ukweli mdogo kuliko tunavyodhani, na wanazozipenda ni zile zenye mlio ulionyooka, hazijanyanyua besi wala trebo, na zinatoa mlio unaofanana hata ukiwa pembeni yake.

Na pazia lenyewe lina kisa chake. Mwaka 1994 mtafiti Sean Olive, aliyekuwa anafanya kazi kampuni ya spika ya Harman, aliwachukua wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo hiyo wakaskiliza spika nne, mara moja wanaona, mara nyingine hawaoni. Walipoona, yale makubwa ya bei yalipanda alama na kale kadogo ka plastiki kakashuka, pazia likishuka tofauti zikapungua kabisa na kale kadogo kakajitetea. Na hawa ni watu wanaofanya kazi kampuni ya spika. Sisi je, tunaosimama mbele ya boksi la mita moja na nusu, rangi ya mbao inang'aa, wufa tatu za njano? Kwahiyo nenda na mwenzio, ndugu au rafiki, mwambie abadilishe yeye, we kaa ufumbe macho, asikwambie ipi ni ipi, andika kwenye karatasi ya kwanza ya pili ya tatu. Muuzaji akicheka mwache acheke.

Besi nimeiacha mpaka hapa makusudi. Kwenye spika za kusimama besi ndo sababu ya watu wengi kuzinunua, boksi kubwa hewa nyingi, na ni kweli zinashuka chini kuliko zile ndogo za kwenye stendi. Lakini besi ya kupima sio wingi, ni kama kila noti inajitegemea. Gita la besi uzi wake wa chini kabisa ni 41 Hz, unaofuata 55, kisha 73, kisha 98. Chukua wimbo ambao mpiga besi anatembea, anapanda na kushuka, na ujaribu kuuimba ule mstari wa besi kwa mdomo. Ukiweza kuuimba, spika inakuambia noti. Ukishindwa, unaskia du du du ile ile haijalishi kidole kiko wapi, basi unayo spika ya noti moja, na hilo ndo gonjwa la boksi nyingi za bei nafuu, wanalitengeneza lile tundu la hewa la kwenye boksi ili lipige sehemu moja kwa nguvu dukani mtu aseme ehee. Singeli nayo inasaidia hapa, kwasababu kiki, yale mapigo ya ngoma kubwa, zinakuja kwa kasi ya ajabu, kama wufa haijui kusimama kiki moja inaingia kwenye nyingine na unabaki na mngurumo.

Alafu weka kiganja mbele ya lile tundu la hewa, mara nyingi liko nyuma au chini. Upepo ni kawaida, ndo kazi yake. Sasa sogeza sikio wimbo wenye besi nzito ukiwa unalia kwa sauti unayoskilizia kweli, ukiskia fff fff kama mtu anapulizia mshumaa kwa kila pigo, tundu ni dogo kuliko kazi lililopewa.

Ila besi ya dukani usiiamini sana, hata nzuri, kwasababu nusu ya besi ni chumba. Mawimbi ya 40 Hz yana urefu wa zaidi ya mita nane, hayajui sebule yako, yanagonga ukuta yanarudi yanakutana na mwenzake. Sebule yenye urefu wa mita nne inapandisha yenyewe pale kwenye 43 Hz, karibu kabisa na noti ya fa ya chini kwenye gita la besi, kwahiyo noti hiyo itakuwa inalipuka kwako na kwa jirani yako mwenye chumba cha mita tano hailipuki kabisa, spika ile ile. Utalijua hilo ukitembea, besi ikiwa inalia simama kwenye kona, kisha nenda katikati ya chumba, utashangaa, kwenye kona imejaa na katikati imepotea. Sio spika hiyo, ni kuta.

Nyumba zetu nyingi pia zina tabia yake, kuta za tofali, sakafu ya tailizi, madirisha ya alumini, dari la jipsamu, makochi ya ngozi, kila kitu kigumu. Piga kofi moja kavu katikati ya sebule. Ukiskia mlio wa trrr unafuata, huo mlio utaongezeka juu ya kila s na kila toazi, hata spika laini itaonekana kali. Zulia zito mbele ya spika, mapazia mazito ya kitambaa, kabati la vitabu, vinasaidia kuliko kubadilisha waya wa spika kwa waya wa gharama. Nasema hivi kwasababu nimeshuhudia mtu kauza jozi nzuri sana akidai inapiga kelele, chumba chake kilikuwa hakina hata kitambaa, alipoweka zulia baadae na spika nyingine za chini kidogo akasema hizi ndo zenyewe.

Kwenye kupanga, twita iwe karibu na usawa wa sikio ukiwa umekaa, kwenye kochi la kawaida ni kama sentimita 90 mpaka mita moja toka chini. Umbali kati ya spika na spika ulingane kidogo na umbali wako wewe mpaka kwao, na zisibanwe ukutani, zitoe nusu mita kama nafasi inaruhusu, hasa zenye tundu nyuma. Hapo sasa zote mbili zikiwa zinalia weka ile taarifa ya habari, mtangazaji anatakiwa akae katikati, hewani, sehemu ambayo hakuna spika. Kama amesambaa hajulikani alipo na besi imekuwa nyembamba ghafla, waya wa spika moja umegeuzwa, nyekundu iko kwa nyeusi, badilisha upande mmoja tu na utaona mtu anarudi katikati na besi inajaa. Duka moja nililoenda walikuwa wameziunga hivyo na wanawauzia watu hivyo hivyo, wakisema besi yake sio nzito kwasababu ni spika za kitaalamu.

Kama waya uko sawa na bado anavutwa upande mmoja, au maneno mengine yako kati na s zinakimbilia kulia, hizo spika mbili hazifanani, moja ina kitu. Hiyo ni muhimu sana kwa mtumba.

Kisha simama. Mtangazaji bado anasoma, simama taratibu, kaa, sogea kushoto hatua mbili, kulia hatua mbili. Mlio utabadilika kidogo, ni kawaida, ila ukisimama na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi, twita na wufa hazielewani pale zinapopeana masafa. Watu wanafikiri haijalishi kwasababu watakaa katikati, lakini mlio unaokwenda pembeni unagonga ukuta unakuja sikioni kwako pia, unaskiliza spika na ukuta kwa pamoja kila wakati.

Za mtumba zina ukaguzi wake kabla hata ya kuwasha. Vua kitambaa cha mbele, washa tochi ya simu, angalia ile ringi laini inayoizunguka koni ya wufa. Kama ni ya mpira, itaishi miaka mingi. Kama ni ya sponji, iguse kwa ncha ya kidole, polepole sana. Iliyochoka inabaki kwenye kidole, unga mweusi unaonata, au inapasuka kama kipande cha mkate wa juzi, na pwani huku unyevu unaimaliza haraka. Sponji inaweza kubadilishwa na fundi mzuri na spika ikarudi vizuri kabisa, kwahiyo sio lazima uikimbie, ila bei ishuke na uhesabu gharama ya fundi. Kisha weka vidole vinne kuzunguka kile kikofia cha katikati ya koni, sukuma ndani sawasawa, milimita chache, achia. Irudi laini kimya. Ukiskia au ukihisi inakwaruza, krr, kama mchanga, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda, hiyo achana nayo. Twita usiiguse, kile kikuba chake cha mbele kikibonyea hakirudi kirahisi.

Kujua kama twita inafanya kazi, zungusha karatasi iwe bomba, upande mmoja sikioni upande mmoja mbele ya twita, sauti iwe chini, unaskia kama kuna tss tss. Fanya hivyo kwa kila spika inayolia, ya kati, wufa ya juu, wufa ya chini, kulia na kushoto, ulinganishe. Nimekuta spika nzuri sana twita moja ilikuwa imekufa kimya na mwenye nayo hajui miaka, alikuwa anasema tu upande huu uko mpole. Na betri ya kawaida ya volti 1.5, gusisha sekunde moja kwenye tundu za waya, chanya kwa nyekundu, wufa zote zitoke nje kwa pamoja kwenye spika zote mbili, ikiwepo inayoingia ndani, kuna fundi alishapita humo akaunga kinyume. Angalia na parafujo kama zimechubuliwa, angalia kama wufa za kulia na kushoto ni aina moja kweli.

Gonga boksi kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, ubavuni. Lijibu kwa mlio mfupi mkavu, tok. Likijibu doooo kama kabati tupu, na lenyewe litakuwa linaimba.

Namba za kwenye katoni soma kwa tahadhari. Watt za PMPO, elfu tano elfu kumi, zipuuze kabisa, hazina kipimo chochote kinachoeleweka. Eti inafika 35,000 Hz juu, sikio la kijana mdogo linaishia kama 20,000 na linapungua kila miaka inavyokwenda. Namba mbili ndo ziangalie, zile desibeli nilizosema, na ohm, yaani kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Ikiandikwa ohm 4 na amplifaya yako ni ndogo inayotaka ohm 8, itapata moto, na amplifaya ikizidiwa inakata mawimbi vichwa na hicho ndo kinachoua twita nyingi, zaidi ya watt kuwa nyingi. Kwahiyo ukiweza nenda dukani na amplifaya yako mwenyewe.

Kisha omba muda. Dakika 15 hazitoshi, saa nzima ya kuskiliza kwa utulivu inatosha kuanza. Skiliza kwa sauti ndogo pia, ile ya saa nne usiku watoto wamelala, maana huo ndo muda wengi wetu tunaskiliza kweli, na spika nzuri ikiwa chini bado ina mtu ndani yake, mbovu inabaki na tss tss tu. Alafu toka nje ya chumba, simama koridoni au jikoni mlango uko wazi, muache mtangazaji aendelee. Huko huoni boksi wala rangi. Inatakiwa ikufanye uhisi kuna mtu sebuleni anaongea, na nakwambia ukweli spika nyingi za bei kubwa zinashindwa hapo, unaskia redio.

Ukifikia kutoa hela kubaliana na muuzaji kwa maandishi siku tatu au wiki ya kurudisha, wengine wanakubali ukiacha kitambulisho au ukiongeza kidogo, wanaokataa kabisa angalau wakubali kuzijaribu kwako mbele yao. Piga picha namba za nyuma ya spika zote mbili, jozi ya kweli namba zake mara nyingi zinafuatana. Na kwenye bajaji zilaze kwa mgongo, koni zitazame juu, kipande cha katoni mbele ya kila twita, kamba isipite juu ya koni, na mtu akae nazo nyuma huko huko.